Beseni la Milango ya Fahamu la Sikukuu: Sehemu, Aina na Matumizi Yake katika Guta

Maana na mipaka

Beseni la milango ya fahamu ni chombo kipana chenye kina kifupi, kilichojazwa nafaka, udongo, majani, maji au kitu kingine kinachochoteka, ili mtoto mdogo ajifunze kwa kugusa, kuona, kusikia na kunusa. Likipangwa kwa vitu vya sherehe fulani, huwa beseni la sikukuu. Hutofautiana na vitu vitatu vinavyokaribiana nalo. Boksi la midoli hubeba vitu vyenye umbo na kazi maalumu, ilhali kilichomo katika beseni hakina umbo la kudumu. Sanduku la mchanga hukaa mahali pamoja mwaka mzima, ilhali beseni huhamishika na hubadilishwa. Zana za Montessori, ambazo chimbuko lake ni nyumba ya watoto iliyofunguliwa na Maria Montessori mjini Roma mwaka 1907, kila moja ina mwisho ulio sahihi, ilhali mchezo wa beseni hauna jibu.

Guta ni kata ya Bunda, mkoani Mara, kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Wakazi wake huvua na kulima, na mvua huja mara mbili kwa mwaka, vuli na masika. Kwa sababu hiyo, sikukuu yenye tarehe isiyobadilika huangukia hatua ileile ya kilimo kila mwaka, na hatua hiyo huamua kinachopatikana nyumbani. Kuainisha mabeseni kwa sikukuu, katika mazingira haya, ni kuyaainisha kwa msimu.

Sehemu

Beseni kamili lina sehemu nne: chombo, kijazo, zana na alama.

Chombo huwa beseni la plastiki, karai au ungo. Beseni hufaa vikavu na majimaji, karai hufaa udongo, na ungo hufaa vikavu vyepesi pekee. Kingo zinazofika kifuani mwa mtoto aliyeketi ni ndefu mno, kwa kuwa huzuia mikono.

Kijazo ndicho kinachochukua nafasi kubwa. Kipo cha aina nne: cha punje (mtama, ulezi, dengu, mchele), cha nyuzi (nyasi kavu, maganda ya mahindi), cha udongo (mchanga, mfinyanzi) na cha majimaji. Pale ambapo chakula hakipaswi kuchezewa, makapi ya mpunga na magunzi hushika nafasi ya punje.

Zana ni vyombo vya kazi: kata, kikombe, kijiko, chujio, kopo. Alama ni vitu vinavyotambulisha sikukuu, kama nyota ya kadi au ng'ombe wa udongo. Alama zikizidi zana, beseni hugeuka pambo la kutazamwa.

Aina kwa sikukuu

Beseni la Nane Nane, Sikukuu ya Wakulima ya tarehe 8 Agosti, ndilo lenye vijazo vingi kuliko yote, kwa kuwa mavuno ya masika yamekwisha kuingia ghalani. Hujazwa mtama, ulezi, dengu na magunzi. Zana zake ni ungo mdogo, kibaba na makopo ya kupimia. Shughuli zake kuu ni kupepeta, kupima na kuchambua punje kwa aina, ambazo ni kazi halisi za msimu huo. Watoto waliopelekwa kwenye maonesho ya wakulima ya Nyakabindi, mkoani Simiyu, huongeza wenyewe mifano ya mifugo.

Beseni la Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba, huangukia mwanzo wa vuli, wakati mashamba yanatayarishwa. Julius Nyerere alizaliwa Butiama, katika mkoa huohuo wa Mara, tarehe 13 Aprili 1922, akafariki tarehe 14 Oktoba 1999. Kijazo cha beseni hili ni udongo mkavu uliochekechwa, na shughuli yake ni kuchimba vishimo na kufukia mbegu. Watoto wakubwa huweza kupewa kete za bao, mchezo ambao Nyerere aliupenda, wakazigawa katika vishimo vilivyopangwa safu nne za vishimo vinane.

Mabeseni ya sikukuu za taifa hujengwa kwa rangi, na hapa kuna tofauti inayosahaulika mara nyingi. Beseni la Uhuru, 9 Desemba, hufuata bendera ya Tanganyika ya mwaka 1961: kijani, dhahabu na nyeusi. Beseni la Muungano, 26 Aprili, huongeza buluu iliyotoka katika bendera ya Zanzibar. Choroko hutoa kijani, mahindi ya njano hutoa dhahabu, vipande vya kitambaa hutoa nyeusi, na mchele uliotiwa rangi hutoa buluu.

Beseni la Krismasi hupangwa nyasi zikiwa mbichi na mfinyanzi ukiwa laini. Hujengwa kama hori: nyasi zilizokaushwa chini, matawi mabichi pembeni, ng'ombe na kondoo wa udongo juu. Beseni la Pasaka, ambayo katika kalenda ya makanisa ya Magharibi huwa kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, huangukia masika, nalo hufaa maji, udongo wa kufinyanga na majani ya Jumapili ya Matawi.

Beseni la Idi hujitenga na utaratibu huu. Idi el-Fitri huwa tarehe 1 Mfunguo Mosi na Idi el-Haji tarehe 10 Mfunguo Tatu, na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi, sikukuu hizi huzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Kijazo chake kwa hiyo hutoka dukani, si shambani: mchele, pamoja na hiliki, karafuu na mdalasini vilivyoshonwa ndani ya vifuko vya kitambaa. Ndilo beseni la pua kuliko mengine yote. Alama zake ni mwezi mwandamo na nyota.

Kazi

Kazi za beseni ni nne. Ya mwili: kuchota, kumimina na kudonoa huimarisha misuli ya vidole itakayoshika penseli. Ya hesabu: kujaza na kumwaga hufundisha zaidi, pungufu na sawa. Ya lugha: kilaini, chepesi, chenye harufu na chenye kukwaruza hupata majina mkononi. Ya jamii: watoto wawili kwenye chombo kimoja hujifunza zamu. Kazi hizi huingia katika ujifunzaji wa awali unaotajwa na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa mwaka 2021, inayohusu watoto wa miaka 0 hadi 8.

Umri na usalama

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kila kitu chenye upana usiofika sentimita 3 ni hatari ya kukaba koo. Punje, kete na karafuu huondolewa. Hubaki maji, vitambaa, magunzi mazima na majani mapana. Kuanzia miaka mitatu punje hukubalika chini ya uangalizi wa mtu mzima. Maji, hata ya kina cha sentimita chache, hayaachwi na mtoto peke yake.

Vijazo vinavyokatazwa kwa umri wote ni vitano: nafaka iliyotiwa dawa ya kuhifadhia au mbegu za kupandia zilizopakwa dawa, mahindi yenye ukungu, kwa sababu ya sumukuvu, maharage mekundu mabichi, mbegu za mbarika, na mbegu za mturituri, nyekundu zenye doa jeusi, ambazo uzuri wake huwavuta watoto na sumu yake ni kali.

Maji ya ziwa yana hukumu yake. Vimelea vya kichocho hupenya ngozi, hivyo maji hayo huchemshwa yakapoa, au huwekwa kwenye pipa safi lililofunikwa kwa siku mbili, ndipo yatumike. Makombe ya konokono, yakiwekwa katika beseni, kwanza huoshwa na kuanikwa juani hadi yakauke kabisa.

Uandaaji na utunzaji

Mchele hutiwa rangi kwa kuchanganya kikombe kimoja na kijiko cha chai cha siki pamoja na matone ya rangi ya chakula, kisha huanikwa kivulini. Kijazo hakizidi nusu ya kina cha chombo. Mkeka hutandikwa chini, kwa kuwa kinachomwagika ni sehemu ya mchezo na hurudishwa na watoto wenyewe.

Baada ya sikukuu, vijazo hugawanywa kwa aina. Punje kavu huhifadhiwa kwenye ndoo yenye mfuniko au hulishwa kuku. Nyasi na majani huenda kwenye mboji. Udongo hurudi shambani. Maji humwagwa siku hiyohiyo. Zana huoshwa kwa sabuni, na alama hutunzwa kando, kwa sababu hazitahitajika tena hadi sikukuu ileile irudi.