Jalada la Daftari Ndani ya Injini

Historia tuliyofundishwa shuleni ilikuwa ya wafalme, vita na mikataba. Hii ninayotaka kukusimulia niliikuta ndani ya injini, nikiwa nimekaa juu ya tairi kuukuu katika gereji moja mjini Mbinga, namshikia fundi tochi.

Gari lenyewe ni pikapu ya babu, Land Rover 109 ya mwaka 1974, injini ya petroli. Babu aliinunua mnadani mwaka 1981 kwa fedha za kahawa alizoziweka misimu kadhaa. Tangu hapo imebeba kila kitu: kahawa, mahindi, mabati, wagonjwa, maharusi, hata maiti. Kazi yake kubwa ilikuwa kushuka Mbamba Bay na kupanda na usipa, yaani dagaa wa Nyasa, kuwaletea watu wa milimani. Ziwa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mbinga iko juu zaidi ya mita elfu moja. Gari linaloiweza njia hiyo likiwa na mzigo ni gari kweli.

Mwaka jana likaanza kushindwa. Moshi wa bluu, oili inaisha, mlimani linakata pumzi. Fundi akafungua kichwa cha injini, akapitisha kidole ndani ya silinda, kisha akatikisa kichwa.

"Mzee, njia ni mbili," alimwambia babu. "Tuipeleke bloku mjini ikachongwe, tutafute pistoni kubwa zaidi, na krenki nayo isuguliwe. Au tuitoe kabisa hii, tuweke dizeli ya Toyota, ile 3L. Kipuri chake hata ukiamka usiku unakipata."

Babu alinyamaza. Halafu akasema, "Endelea kufungua kwanza."

Basi tukafungua, na hapo ndipo somo langu lilipoanza. Kabureta haikuwa ya Land Rover, ilitoka kwenye Peugeot. Boliti zilikuwa za vipimo vya nchi mbili tofauti, za inchi na za milimita. Pistoni tatu zilikuwa za aina moja, ya nne ya aina nyingine. Na pale pampu ya maji ilipoungana na bloku, badala ya gasketi ya dukani palikuwa na karatasi ngumu iliyokatwa kwa mkasi. Fundi aliibandua polepole. Upande mmoja bado ilikuwa na mistari ya kuandikia jina na darasa.

"Hili ni jalada la daftari," nikasema.

"La shangazi yako," babu akajibu. "Mwaka 1983."

Ili uelewe jibu hilo, msomaji, hebu turudi nyuma kidogo. Baridi kali iliyoua mikahawa ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na wakulima wa Mbinga nao wakaonja neema. Neema haikudumu. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na mazao yakawa yananunuliwa na mamlaka za serikali. Bei ya kahawa ikashuka. Vita ya kumng'oa Idi Amin ya mwaka 1978 na 1979 ikala fedha za nchi, na mwaka huohuo wa 1979 bei ya mafuta ikapanda tena duniani. Fedha za kigeni zikaadimika, na gari la Kiingereza bila fedha za kigeni ni kibanda cha kuku. Nasema hivyo kwa sababu Land Rover, tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, ilisambaa Afrika pamoja na mkono wa Mwingereza. Mwingereza alipoondoka gari lilibaki, lakini pistoni zake ziliendelea kukaa kwao.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi. Kuna waliokamatwa na bidhaa wakizificha, na kuna wenye maduka walioingiwa na hofu wakatupa mali usiku. Kwa mtu mwenye gari bovu, kilichokuwa kikipatikana kwa mlango wa nyuma sasa hakikupatikana hata huko. Babu alitembea Songea, akaenda Njombe, akaipata pistoni moja kwa bei ya kulangua. Alipoilipa, fedha ya ada ikawa imekwisha. Shangazi alikuwa kidato cha pili katika shule ya kulipia. Hakurudi. Daftari likabaki nyumbani, na fundi wa siku zile alipokosa gasketi akaulizia karatasi ngumu.

Sikuyajua hayo. Nilikuwa nikijua tu kwamba shangazi "aliishia kidato cha pili", kama vile mtu anavyosema mvua iliishia saa nane.

Mwaka 1984 serikali ikalegeza kamba: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Magari ya Kijapani yaliyotumika yakaanza kumiminika, na nyuma yake zikaja injini za mtumba. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa nayo ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Leo ukipita madukani Mbinga, vipuri vya Toyota vimetundikwa kama ndizi, lakini vya Land Rover ya 1974 hadi uagize.

Fundi wetu ni mtu wa Liuli, kandokando ya ziwa, na alipotuona tumeduwaa juu ya ile karatasi akacheka. "Kwetu hadithi ya vipuri ni ya zamani," akasema. "Meli ya Mjerumani ilikufa kwa vipuri."

Kweli. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe kubwa la pale bandarini walilolifananisha na sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo ikitengenezwa. Tarehe 13 Kapteni Rhoades akaja na meli ya Waingereza, Gwendolen, akaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake na hakuwa na habari kwamba vita imeanza, akatekwa. Waingereza hawakuizamisha meli. Walichukua mzinga na sehemu za injini, wakaondoka. Hiyo ilitosha. Wajerumani walipojaribu kuifufua, Waingereza walirudi Mei 1915 wakaiharibu zaidi. Vita ilipokwisha ikafufuliwa na Waingereza haohao, ikapewa jina la mfalme wao.

Lakini ziwa hilohilo lina mfano mwingine. Meli ya wamisionari wa UMCA, Chauncy Maples, iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikaletwa kwa vipande na kushushwa majini mwaka 1901. Ilikwenda kwa mvuke, ikila kuni, ikihudumia vituo vya misheni vya mwambao. Miaka ya 1960 ile injini ya mvuke iling'olewa, ikawekwa ya dizeli. Liemba ya Ziwa Tanganyika, nayo ya Wajerumani, ilifanyiwa hivyohivyo miaka ya 1970. Hakuna abiria wa Kigoma aliyesema hii si Liemba tena. Usione vyaelea, vimeundwa, na mimi naongeza: vikaundwa tena.

Jioni shangazi akafika gerejini. Ndiye anayenunua usipa Mbamba Bay na kuuza Mbinga, kwa hiyo fedha ya matengenezo ilikuwa yake. Akamwamkia babu, akakaa. Babu akampa ile karatasi bila neno. Aliishika muda mrefu, akaigeuza, akatafuta jina lake. Lilikuwa limefutika kwa maji na joto.

"Baba," alisema mwishowe, "mi' sina ugomvi na gari. Limenilisha. Ila sitaki tena mtoto wa nyumba hii akae nyumbani kwa sababu ya pistoni. Wekeni injini ambayo kipuri chake nitakinunua hapahapa."

Babu akasema, "Haya, mama. Iwe hivyo."

Kazi ilichukua majuma matatu, na haikuwa rahisi kama watu wanavyodhani. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haiogopi kutu, lakini chasisi ni ya chuma. Ilibidi ikaguliwe na kuchomelewa kabla ya kubebeshwa kitu kipya. Mauntingi zilitengenezwa upya. Sahani nene ya chuma ilichongwa ili injini ya Mjapani ishikane na giaboksi ya Mwingereza. Fundi aligoma kabisa kulitoa gari mpaka breki zote zibadilishwe. "Injini ya kupanda mnayo," alisema. "Je, ya kushuka?" Namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ya gari nayo ilibadilika, hivyo tulikwenda TRA kuieleza. Namba ya chasisi ilibaki ileile.

Tulipolijaribu tulishuka hadi Mbamba Bay kwa lami, ile ambayo babu aliisubiri maisha yake yote. Alikaa mbele, akisikiliza. Tulipofika ziwani akasema tu, "Sauti siyo." Kisha akaongeza, "Lakini limefika."

Injini ya zamani iko nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai. Ile karatasi anayo shangazi, ameiweka ndani ya Biblia yake. Vijana wenzangu tunaopenda kuandika, tusingoje nyaraka za serikali peke yake. Tufungue na vitu vya nyumbani kwetu, na tukikuta kipuri kisichokuwa chake, tuulize kililipiwa na nani.