Mguu kifundo: historia ya mikono ya taratibu (Sehemu ya 4)

Mama, mtoto akizaliwa nyayo zimegeukia ndani, usijilaumu wala usimfiche. Hakuna aliyelogwa hapo.

Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Hippocrates wa Ugiriki alifundisha kuunyoosha mguu huo kwa mkono, mapema. Baadaye madaktari wakakimbilia upasuaji mkubwa. Wengi walikua na miguu migumu, inauma. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyehamia Iowa, Marekani, akarudi kwenye mikono: kunyoosha taratibu, plasta ngumu mpya kila wiki, mara nyingi kakato kadogo kisiginoni, kisha viatu maalumu vya kulalia hadi miaka 4 hivi. Alichapisha 1963, wenzake wengi wakapuuza. Walioisambaza ni wazazi, kwa intaneti.

Basi usisubiri akue. Mpeleke kliniki wiki hii. Na viatu usiviache njiani, mguu hurudi.