Si Lazima Chura Afe Ndio Tujue Moyo wa Binadamu

Kila mtu hapa amewahi kutumia ile methali ya kelele za chura na tembo. Wanasiasa wanaipenda, na nyinyi mnaiweka kwa komenti mkitukanwa. Lakini nani amewahi kuuliza hizo kelele zinatoka wapi? Chura analia akiwa amefunga mdomo. Ndiyo, amefunga. Hewa inatoka kwa mapafu, inapita kwenye zoloto, lile sanduku la sauti lililo kooni, inaingia kwenye mfuko ulio chini ya kidevu, halafu inarudi mapafuni. Hewa ile ile, tena na tena, usiku mzima. Mimi na wewe pia tuna mapafu na zoloto, lakini tukifunga mdomo tunaishia kuguna tu.

Ona vile tumejifunza kitu juu ya miili yetu kwa kumwangalia chura dakika moja. Sasa twende polepole, kwa sababu hii stori ina miaka mingi na inafika mpaka kwetu.

Kama umekulia Madogo, hakuna mtu anahitaji kukuelezea chura. Tuko ng'ambo ya daraja kutoka Garissa, mto Tana uko hapo, na maji yakipanda vyura ndio wageni wa kwanza kuingia ndani. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili 2024 yalikata barabara kati yetu na Garissa, watu wakavuka kwa boti, na tukapoteza watu na mali. Siwezi kufanya utani na hilo. Nasema tu kwamba vyura hatujawahi kukosa.

Na bado mwanafunzi wa huku anamjua chura wa darasani kupitia mchoro. Mwalimu anachora ubaoni, unanakili, unaandika "moyo wa chura una vyumba 3, wa binadamu una 4", unapata alama zako, mnaendelea na mada nyingine. Nje ya dirisha chura mwenyewe anapiga kelele. Hakuna anayemwangalia.

Mnajua niliacha chuo, kwa hivyo msiniite daktari. Lakini nimesoma historia ya hii kitu ya kulinganisha mnyama na binadamu, na nimeona jambo moja linajirudia. Watu walikosea kwa karne nyingi kwa sababu waliamini maandishi. Waliorekebisha ni wale walioangalia wenyewe.

Anza na Galen. Huyu alikuwa daktari wa dola ya Kirumi, karne ya 2. Hakupasua maiti za watu, alipasua nyani na nguruwe, kisha akaandika juu ya mwili wa binadamu kana kwamba ni kitu kimoja. Alisema taya letu la chini ni mifupa miwili. Alisema pia kwamba damu inapita kutoka upande mmoja wa moyo hadi mwingine kupitia vitundu visivyoonekana kwenye ukuta wa katikati. Madaktari walimwamini zaidi ya miaka 1,000. Alikuwa mtu mkubwa, nani angebisha?

Aliyebisha ni Ibn al-Nafis, tabibu aliyetoka Sham akafanya kazi Cairo. Mwaka 1242 aliandika kwamba huo ukuta hauna vitundu. Ni mzima. Damu lazima izunguke kupitia mapafu ndipo ifike upande wa pili. Huyo ni Mwislamu wa karne ya 13, na ukweli ni kwamba wengi wetu tulimaliza shule bila kusikia jina lake. Halafu 1543 Vesalius akatoa kitabu chake huko Ulaya, akaonyesha makosa ya Galen moja baada ya lingine. Taya la chini? Mfupa mmoja. Gusa lako sasa hivi.

Mwaka 1628 William Harvey, Mwingereza, akathibitisha kwamba damu inazunguka mwili mzima na kurudi moyoni. Lakini kulikuwa na pengo. Damu inatoka kwa mishipa ya kwenda na inarudi kwa mishipa mingine. Inavuka wapi? Harvey hakuwahi kuona. Alikufa 1657 bila jibu.

Jibu alikuwa nalo chura.

Mwaka 1661, huko Bologna, Italia, Marcello Malpighi aliweka pafu la chura chini ya hadubini. Pafu la chura ni jembamba, karibu liwe kama karatasi ya nailoni, na ukiliangalia kwa lenzi nzuri unaona ndani. Akaona vimishipa vidogo sana vinavyounganisha pande mbili. Leo tunaviita kapilari. Unavyo wewe, anavyo mama yako, anavyo mbuzi wa jirani. Lakini vilionekana kwanza kwa chura.

Kwa hivyo wale mnaouliza "chura atanisaidia na nini maishani", hapo ndipo anakusaidia. Na si kwa kufanana tu. Pale tunapotofautiana panafundisha zaidi.

Rudi kwa zile alama za vyumba 3 na 4. Moyo wa chura una vyumba viwili vya juu na kimoja tu cha chini. Ukuta wa chini haupo. Damu iliyotoka mapafuni na ile iliyochoka kutoka mwilini zinaingia chumba kimoja, na kuna kiasi zinachanganyika. Chura hana shida na hilo. Mwili wake hauchomi nguvu nyingi kama wetu, na pia anavuta hewa kupitia ngozi yake yenye unyevu. Kwake huo ni moyo mzima kabisa.

Sasa mpe mtoto wa binadamu hali kama hiyo. Kuna watoto wanaozaliwa na tundu kwenye ule ukuta wa katikati, ule ule ambao Ibn al-Nafis alisema ni mzima. Tundu likiwa kubwa, mtoto anachoka akinyonya, anatoka jasho, anahema haraka, haongezi uzito. Mama anaambiwa ni baridi, au ni jicho la mtu. Kumbe ni ukuta. Mtu aliyeelewa kwa nini chura anaweza kuishi bila ukuta na sisi hatuwezi, atampeleka huyo mtoto hospitali mapema. Mtu aliyekariri "3 na 4" hatakumbuka chochote mtihani ukiisha.

Kuna kitu kingine hawakutuambia: vyura wa Afrika ndio waliobeba sehemu kubwa ya sayansi hii, na wengi walifanya hivyo bila kupasuliwa. Miaka ya 1930, huko Cape Town, wanasayansi waligundua kwamba ukimdunga chura jike mwenye kucha mkojo wa mwanamke mjamzito, chura anataga mayai baada ya saa chache. Homoni ya binadamu, mwili wa chura, na wanaelewana! Kabla ya hapo walitumia sungura na panya, na ilibidi mnyama auawe ndio jibu lionekane. Chura alitaga, akapumzika, akatumika tena. Vyura hao walisafirishwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani, na kipimo hicho kiliendelea mpaka miaka ya 1960.

Na Kenya tulikuwa na wetu. Mwaka 1936 H. W. Parker wa makumbusho ya Uingereza alieleza aina ya chura mwenye kucha kutoka Marsabit, ule mlima wa msitu katikati ya jangwa, kaskazini mwetu. Jina lake la kisayansi ni Xenopus borealis, yaani wa kaskazini. Miaka ikapita, chura wa aina hii akafika maabara za Marekani. Mwaka 1972 Donald Brown na wenzake huko Baltimore walilinganisha vinasaba vyake na vya yule wa Afrika Kusini, na utafiti huo ukawa maarufu duniani kwa kuonyesha jinsi vinasaba vinavyobadilika. Tatizo ni kwamba walimwandika kwa jina la chura mwingine, Xenopus mulleri. Mpaka 1977 ndipo ilipochapishwa rasmi kwamba walikosea jina. Hebu fikiria, msee ametoka Kenya, kazi yake inasomwa kila mahali, na miaka yote anaitwa jina la mtu mwingine.

Galen alichukua nyani akamwita mtu. Maabara ikachukua chura wa kwetu ikamwita mwingine. Na sisi darasani tunachukua mchoro tunauita chura.

Najua mtasema, basi serikali ilete vyura na visu mashuleni. Zamani ilikuwa hivyo kidogo. Waliosoma A-level kabla ya 8-4-4 kuushika mfumo wote (8-4-4 iliingia 1985, A-level ya mwisho ikafanywa 1989) watakuambia habari za chura aliyebandikwa pini kwenye sinia. Lakini mimi siombi hiyo irudi, na hasa hapa kwetu.

Madogo wengi ni Waislamu. Iko hadithi katika mkusanyiko wa Abu Dawud, ya tabibu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kumweka chura kwenye dawa, na Mtume akakataza kumuua. Mtoto aliyefundishwa hivyo madrasa asubuhi, mchana umpe wembe na chura, unamweka njia panda bila sababu. Wengine wanaamua sayansi si yao. Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa, kwa sababu manesi na madaktari wa kesho wa hii kaunti wamo kwenye hayo madarasa.

Na hakuna haja ya kufika huko. Sisi ni watu wa mifugo. Waorma, Wasomali, Wamunyoyaya, Wapokomo, hakuna nyumba ambayo haijui ndani ya mbuzi kuna nini. Mtoto wa miaka 10 anakutajia ini, figo, bandama, nyongo, bila kufungua kitabu. Mbuzi anachinjwa kila siku, kihalali, kwa ajili ya kuliwa. Moyo wake una vyumba 4 kama wako.

Kwa hivyo mwalimu, au wewe unayesoma hii ukiwa fomu 3, fanya hivi. Nenda bucha, uliza moyo wa mbuzi na mapafu yake, mwambie muuzaji asikate. Upasue moyo kwa urefu. Utaona upande wa kushoto ukuta wake ni mnene kuliko wa kulia, kwa sababu upande huo unasukuma damu mwili mzima. Tafuta ule ukuta wa katikati. Angalia kama una vitundu. Mapafu yapulize kwa pampu ya baiskeli, si kwa mdomo, uone yanavyojaa.

Chura mwache hai. Mweke kwenye beseni lenye maji kidogo na wavu juu, umwangalie koo. Linapanda na kushuka haraka, maana chura hana kiwambo wala mbavu kama zetu za kuvuta hewa, anaisukuma ndani kwa koo kama anayemeza. Weka mkono wako kwenye mbavu, uvute pumzi, usikie tofauti. Hesabu yake kwa dakika, hesabu yako, andika. Ukimaliza mrudishe alikotoka na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho, maana ngozi za vyura wengine zina sumu.

Gharama ya yote hayo ni moyo mmoja na mapafu, na jioni vinaweza kuingia sufuriani.

Januari 2026 gredi ya 10 ya kwanza imeingia, na tumeahidiwa masomo ya vitendo. Maabara zikija, tutashukuru, na tuendelee kuzidai kwa sauti. Lakini kuna mtoto ambaye atamaliza shule kabla hazijafika. Huyo asisubiri. Bucha iko wazi, na chura yuko pale mtaroni.

Ukijaribu, niandikie kwa komenti uliona nini kwenye ule ukuta. Nitasoma zote.