Nani Alipima Mzigo wa Bibi?

Bibi yangu hakuwahi kupimwa na mtafiti yeyote. Siku ya soko alisokota majani makavu ya mgomba yakawa kata, akaiweka kichwani, jirani akamtwika mkungu wa ndizi, huyo akashuka kutoka Old Moshi hadi Kiboriloni. Jioni anapanda tena na mahindi. Sisi wajukuu tulimkimbilia nyuma. Shingo imenyooka, wala hayumbi. Ukimuuliza kama ni mzito, anakujibu, "Uzito tutauuliza tukifika, mjukuu wangu."

Miaka mingi baadaye nikakutana na namba. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa G. M. O. Maloiy wa Nairobi na wenzake juu ya wanawake wa Kenya: Waluo waliobeba kichwani, na Wakikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walitembea na mizigo, ikapimwa oksijeni wanayotumia. Matokeo yalishangaza: mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama ya nguvu. Mwaka 1995 Norman Heglund, mmoja wa watafiti wale, akaeleza na wengine siri yake: mwili wao ulikwenda kama pendulamu ya saa, ukiokoa nguvu katika kila hatua.

Nilijivuna, jamani. Nikaisimulia namba ile kila mahali, na kila nilipoisimulia, neno "hadi" lilidondoka njiani. Ikabaki kwamba mama zetu wanabeba bure.

Hebu tupige hesabu. Kwa mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Mkungu ulioshiba unapita hapo bila shida. Na hapo sijagusa mlima wenyewe.

Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake walichapisha vipimo vya wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini. Hawakuona ule ubure. Wapo waliobeba kwa nafuu, wapo walioumia kwa gharama, kila mmoja na mwili wake.

Sasa utafiti kama huu tuupime kwa nini? Wengi huhesabu umetajwa mara ngapi. Mimi naona kipimo kizuri zaidi ni hiki: je, njia na takwimu ziliwekwa wazi kiasi kwamba mwingine akaweza kuuliza upya? Hapo ule wa 1986 ulifaulu, hata pale ulipopingwa.

Lakini kuna kipimo cha tatu: je, namba ilimfikia anayebeba? Kwenye mageti ya Kilimanjaro mzigo wa mpagazi unawekwa kwenye mizani, na kikomo ni kilo 20. Si haba, ingawa kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni theluthi ya mwili wake. Angalau pale namba inamsemea mbebaji. Njia ya Kiboriloni haina mizani.

Uzeeni bibi alikuwa ananiita jioni nimkande shingo. Anaelekeza kwa kidole: hapa, na hapa. Sikuandika kitu, nami leo najuta. Kama bibi yako bado yupo, muulize alibeba nini, akatembea umbali gani, na palimuuma wapi. Kisha uandike.