Herufi Nne Kuzunguka Tundu la Mraba

Mwaka 2013, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba kisiwani Manda, jirani na Lamu, waliibua sarafu ndogo ya Kichina. Nyingine ya aina hiyo ilikwisha kupatikana Mambrui, kaskazini ya Malindi, mwaka 2010. Zote mbili zimeandikwa Yongle Tongbao. Yongle ni jina la enzi ya mfalme wa nasaba ya Ming aliyetawala 1402 hadi 1424, yule aliyemtuma amiri Zheng He na majahazi yake makubwa hadi bahari yetu. Wengi wakasema basi, Zheng He alishuka hapa na sarafu hii mfukoni.

Sarafu yenyewe haisemi hivyo. Inataja enzi iliposubiwa. Haitaji njia iliyopita wala mikono iliyoibeba. Ingeweza kuja na mfanyabiashara Mhindi au Mwarabu, bandari hadi bandari, miaka mingi baadaye.

Kuisoma kwanza si kazi ngumu. Tangu mwaka 621, nasaba ya Tang ilipotoa Kaiyuan Tongbao, sarafu nyingi za China zimebeba herufi nne kuzunguka tundu la mraba. Kwa kawaida husomwa juu, chini, kisha kulia na kushoto, ingawa nyingine huzunguka kama mishale ya saa. Mbili za kwanza mara nyingi hutaja enzi. Nyingi ya zilizotangulia, kama Wu Zhu ya mwaka 118 KK, zina herufi mbili tu, nazo hutaja uzito.

Za nasaba ya Song ndizo nizipendazo kupita zote. Sarafu ya enzi moja huweza kuwa na miandiko tofauti, na Mfalme Huizong aliandika kwa mkono wake herufi za Daguan Tongbao, nyembamba, zenye ncha kali. Alikufa mateka ugenini, lakini mwandiko wake ulishapita katika mikono ya wachuuzi wasio na idadi.

Sarafu za Song zilisubiwa kwa kalibu za mchanga, kisha zikatungwa kwenye ufito wa pembe nne ili kingo zipigwe tupa kwa pamoja. Basi kagua kingo kabla ya kununua, maana sarafu bandia ni nyingi sana. Na kutu ya kijani usiisugue! Anayeing'arisha sarafu huondoa ushahidi wa umri wake.

Huko Kajengwa, karibu na Makunduchi, Unguja, zilipatikana sarafu za Kichina zaidi ya 170 mahali pamoja, nyingi zikiwa za Song. Sarafu za Song ziliendelea kutumika kwa karne kadhaa, kwa hiyo herufi pekee hazituambii zilifukiwa lini. Hilo hujulikana kwa udongo na vigae vilivyo kando yake, na aliyeichomoa sarafu ardhini akaiuza amekwisha kuvipoteza. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inataka apataye kitu cha kale atoe taarifa.

Mkusanyaji anayeanza atafute za Qianlong, wa nasaba ya Qing, aliyetawala 1735 hadi 1796. Zilisubiwa kwa wingi mno hata leo za kawaida hazina bei kubwa, na mgongoni, kwa maandishi ya Kimanchu, zinaonyesha karakana zilikotoka.