Mchezo wa Bure na Bei ya Ngamia

Masika yaliyopita nalikuwa Masukulu, wilaya ya Rungwe, kwa binti yangu aliyeolewa huko. Mvua ya Rungwe ikianza adhuhuri hujui itakoma lini, na watu hukaa ndani. Mjukuu wangu wa miaka 13 alikuwa ameinamia simu ya mamake, akipanga vito vya rangi rangi. Nikamwuliza, "Mchezo gani huo?" Akanijibu kwa adabu, "Wa bure, babu." Siku ya tatu mamake alitaka kununua mbolea, akakuta pesa zake za simu zimepungua shilingi 18,000. Namba ya siri mtoto aliijua.

Neno hilo "bure" ndilo lililonirudisha vitabuni.

Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa na mchezo uitwao maisir. Wafasiri wameueleza: ngamia huchinjwa, kisha mishale 10 hutiwa mfukoni. Mishale 7 ina mafungu ya nyama, wa kwanza fungu moja, wa saba mafungu saba; mitatu ni mitupu. Aliyetokewa na mtupu hapati kitu, na bei ya ngamia iko juu yake. La ajabu ni kuwa washindi hawakuila nyama ile. Waliwapa maskini, wakasifiwa kwa ukarimu. Maskini kala bure, lakini yuko aliyelipa. Ndiyo maana Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 219, haikukanusha manufaa yake. Iliyapima na dhambi yake, na dhambi ikazidi.

Sasa tutazame simu. Mchezo wa namna hii uliovuma zaidi, Candy Crush Saga, uliingia katika simu mwaka 2012. Kampuni yake, King, mwaka 2013 ilipata dola za Marekani bilioni 1.88 kwa michezo yake yote, na kwa mwezi, katika kila wachezaji 100, waliolipa walikuwa kama 4 tu. Hao 4 ndio waliomnunua ngamia. Wale 96 walikula nyama.

Hunaswaje? Mchezaji hupewa roho tano. Kila akishindwa hupoteza moja, na roho moja hurudi baada ya nusu saa. Akiitaka sasa hivi, na alipe. Basi kinachouzwa hapo si mchezo, ni upungufu wa subira. Na mara nyingi hushindwa akiwa amebakiwa na hatua moja, akaona haya kuacha.

Siri ya pili ni ya njiwa. Mwaka 1957, huko Marekani, B. F. Skinner na mwenziwe Charles Ferster walichapisha kitabu juu ya njiwa waliotiwa sandukuni wakadonoa kibao wapate punje. Njiwa aliyepewa punje kwa hesabu maalumu alipumzika kidogo kila akishapata. Aliyepewa kwa kubahatisha, mara baada ya madonoo machache, mara baada ya mengi, hakupumzika. Na hata punje zilipokatwa aliendelea kudonoa muda mrefu. Skinner mwenyewe alimfananisha na mcheza kamari.

Mimi nalilelewa penye bao. Bao lina kete 64, na mwisho wake unajulikana: mmoja akifungwa, limekwisha, watu huenda Alasiri. (Nakiri wapo wazee waliochelewa.) Mchezo wa simu umetengenezwa usiwe na mwisho.

Serikali nazo zimeamka, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 2012 Japani ilipiga marufuku namna moja ya bahati nasibu ndani ya michezo hii, na mwaka 2018 Ubelgiji ikaamua kuwa masanduku ya bahati yanayouzwa humo ni kamari. Lakini aliyenishangaza ni kijana wa Vietnam, Dong Nguyen. Mchezo wake, Flappy Bird, ulikuwa umeenea dunia nzima. Februari 2014 akauondoa kwa mkono wake, akieleza kuwa watu wamekuwa watumwa wake.

Nilimsimulia mjukuu wangu habari ya njiwa. Alicheka, kisha akanyamaza, akauliza, "Babu, yule aliyekatiwa punje, aliacha lini?"

Kabla sijamjibu, simu ikalia mezani. Mchezo ulikuwa ukimwarifu kuwa roho zake tano zimejaa.