Heshima ya Rubani Aliyetekwa



Ndugu Waislamu, habari za mateka wa Badr, katika mwaka wa pili wa Hijra, mmekwisha kuzisikia mara nyingi: jinsi Masahaba walivyowapa mateka wao mkate, nao wenyewe wakala tende. Leo tutazame habari za vita vya karibu zaidi, vilivyopiganwa na watu wasio wa dini yetu, kwani ndani yake mna jambo ambalo kila mwenye amri juu ya mtu dhaifu hana budi kulizingatia.

Tarehe 9 Agosti 1941, rubani Mwingereza, Douglas Bader, aliangukia mikononi mwa Wajerumani huko Ufaransa. Huyu alikuwa mtu asiye na miguu. Alikatwa yote miwili baada ya ajali ya ndege mwaka 1931, akarudi angani kwa miguu ya bandia. Aliporuka kwa mwavuli, mguu mmoja ulinasa ukabaki ndegeni. Wajerumani wakautafuta katika mabaki, wakautengeneza, wakamrudishia. Kamanda wao, Adolf Galland, alimkaribisha kiwanjani kwake, akamruhusu kukaa katika kiti cha rubani cha ndege ya Kijerumani. Kisha Waingereza wakapewa ruhusa ya kuleta mguu mwingine kwa ndege bila ya kudhuriwa. Mguu ukadondoshwa kwa mwavuli, na ndege iliyouleta ikaendelea na safari yake kwenda kutupa mabomu! Bader naye, siku chache baada ya kutekwa, alitoroka hospitalini kwa shuka zilizofungwa mafundo. Alikamatwa tena, akafungwa, wala hakuuawa.

Kisa hiki hupendwa na wasimulizi, nami sikatai uzuri wake. Lakini heshima ile ilikuwa nyepesi kubebwa. Mwaka 1941 Ujerumani ilikuwa ikishinda, na aliyeheshimiwa alikuwa rubani mashuhuri kama mwenyeji wake.

Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka. Miji ya Ujerumani iliteketea kwa mabomu. Katika mji wa Hamburg peke yake, Julai 1943, walikufa watu maelfu kwa maelfu. Waliofukua watoto wao katika vifusi waliwachukia marubani, na nani atawashangaa? Wako marubani waliouawa na raia mara tu walipogusa ardhi. Lakini mtu aliyekwisha kutupa silaha na kuinua mikono si yule aliyekuwa angani jana. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929, ambao Ujerumani ilikuwa imeukubali, ulisema kwamba mateka atorokaye akakamatwa apewe adhabu ya nidhamu tu, na kifungo chake kisizidi siku 30.

Usiku wa tarehe 24 Machi 1944, maafisa 76 wa jeshi la anga walitoka katika kambi ya Sagan kwa njia waliyoichimba chini ya ardhi. Watatu tu ndio waliofika salama; 73 walikamatwa. Hitler akatoa amri, na polisi wa siri, Gestapo, wakawapiga risasi 50 miongoni mwao, kisha ikatangazwa kwamba waliuawa walipojaribu kutoroka tena. Majivu yao yakarudishwa kambini katika vyombo.

Walinzi wa Sagan walikuwa askari wa jeshi la anga, wenzao Galland, na hawakushiriki katika mauaji yale. Mkuu wa kambi aliwaruhusu wafungwa kuwajengea wenzao mnara wa ukumbusho. Hiyo ilikuwa adabu; lakini ilikuja baada ya mauti. Hapana aliyesimama kati ya wale hamsini na bunduki.

Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, marubani na wanaanga 168 waliotekwa walipelekwa Buchenwald, kambi ya mateso, wakahesabiwa kuwa wahalifu, wakalazwa nje bila viatu. Wawili walikufa humo. Mkubwa wao, Phil Lamason wa New Zealand, alifanya hila hata habari zao zikawafikia maafisa wa jeshi la anga la Ujerumani. Safari hii maafisa hawakungoja majivu. Walidai kwamba mateka wale ni wao, na mwezi wa Oktoba wengi wao wakatolewa wakiwa hai. Kambi waliyopelekwa ni ile ile ya Sagan.